Deni la Askari: Kumtafuta Baba Aliyepigana Vita, Kutokea Kariakoo

Mwaka 1929 kijana mzaliwa wa Dar es Salaam alihamia Berlin, akiwa na madai. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed. Historia inamjua zaidi kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Baba yake alikuwa efendi, yaani ofisa Mwafrika, katika jeshi la Mjerumani, na yeye mwenyewe aliingia vitani pamoja na baba yake angali mtoto, kwa kuwa alizaliwa mwaka 1904. Alijeruhiwa Mahiwa mwezi Oktoba 1917, akawa mateka wa Waingereza. Alichokidai kwa Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani ni mishahara ya vita ambayo haikulipwa, yake na ya baba yake. Wizara ikamjibu kwamba amechelewa. Husen alibaki Berlin, akafundisha Kiswahili, akaigiza katika filamu, hadi alipokamatwa mwaka 1941 kwa sheria za ubaguzi wa rangi za utawala wa Hitler. Alifia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944.

Wanaomwandika Husen huvutwa na kifo chake, na wana haki. Mimi navutwa zaidi na lile dai. Lilikataliwa, lakini liliingia kwenye majalada, na pamoja nalo likaingia jina la baba. Hoja ninayoitetea hapa inatokana na jambo hilo: anayetafuta utumishi wa marehemu baba au babu yake katika vita vikuu viwili vya dunia, akiwa hapa Tanzania, asianze na rekodi za kikosi. Aanze na madai: mshahara, posho ya familia, kiinua mgongo, medali, ombi la kazi, ombi la kiwanja. Mwongozo unaotumika Ulaya unaagiza kinyume chake: tafuta kikosi, kisha soma shajara yake ya vita. Mwongozo huo unafaa kwa majeshi yaliyomhesabu kila mtu kwa jina lake. Majeshi yaliyowaandikisha wazee wetu yaliyahitaji majina yao hasa pale palipokuwa na fedha ya kutoa au ya kuzuia.

Shajara zenyewe zipo. Za King's African Rifles, jeshi la Waingereza ambalo wazee waliliita Keya, zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London: za Vita vya Kwanza katika mfululizo wa WO 95, za Vita vya Pili katika WO 169, na za Burma katika WO 172. Zinaeleza mvua, madaraja, doria na upungufu wa chakula kwa undani unaostahili heshima. Ndani yake ofisa wa Kizungu ana jina. Askari Mwafrika aliyeuawa, mara nyingi, ni idadi. Upande wa Mjerumani hali ni mbaya zaidi, kwa sababu mabomu yaliyoangushwa Potsdam mwezi Aprili 1945 yaliteketeza sehemu kubwa ya nyaraka za jeshi la Prussia, na za jeshi la koloni pamoja nazo. Yaliyosalimika, Berlin na katika Nyaraka za Taifa pale Upanga, kwa sehemu kubwa ni majalada ya utawala wa kiraia: kodi, ardhi, kazi, mashauri. Mtafiti anayeuliza kikosi hatoki na mengi humo. Anayeuliza nani alidai nini anaweza kutoka na jina.

Hayo ni ya askari. Mpagazi hana hata shajara; alichoacha ni jina la mtaa. Wajerumani walijenga jengo la soko katika eneo la Waafrika la Dar es Salaam muda mfupi kabla ya vita, lakini Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 wakaligeuza kuwa kituo cha kikosi cha wapagazi, Carrier Corps kwa Kiingereza, na kikosi hicho ndicho kilichoiachia Kariakoo jina lake. Soko lilianza kazi mwaka 1923. Jengo tulijualo leo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, ni la miaka ya 1970. Pembeni ya soko unapita Mtaa wa Tandamuti. Mtaa wa Narung'ombe na Mtaa wa Mahiwa haiko mbali. Narung'ombe palipiganwa Julai 1917, Tandamuti Agosti, Mahiwa Oktoba, kote huko kusini kuelekea Lindi, na wapagazi ndio waliobeba chakula na risasi za vita hivyo. Mwenye duka la vitenge Mtaa wa Mahiwa anaandika kila siku kwenye risiti jina la mahali alipojeruhiwa Husen. Idadi ya waliobebeshwa mizigo upande wa Waingereza peke yake hukadiriwa kufika milioni moja, na waliokufa hukaribia laki moja, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa.

Sanamu ya Askari katika Barabara ya Samora ilizinduliwa mwaka 1927 kwa ajili yao pia. Maandishi yake yanawaahidi waliokufa kwamba wana wao watayakumbuka majina yao, na juu ya sanamu hiyo hakuna jina hata moja. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikubali jambo hili waziwazi katika ripoti yake ya Aprili 2021: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ni vizuri kukiri. Hata hivyo, kukiri hakumpi mjukuu aliyeko Gerezani jina la babu yake.

Hapa msomaji makini atanipinga: maiti hadai. Ikiwa njia yangu inategemea madai, basi inawaacha nje wale wale waliopotea zaidi, na kuwapa nafasi waliojua kuandika barua, waliokuwa na ujasiri wa kuingia ofisini, au waliobahatika kuwa na mtoto kama Husen. Pingamizi hili ni zito. Jibu langu ni kwamba hata marehemu alikuwa na deni lake, na deni huwa na daftari. Oscar Watkins, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa mkuu wa kikosi cha wapagazi, alipigania baada ya vita kwamba mishahara ya waliokufa iwafikie warithi wao. Waliokuwa wakiyapinga malipo hayo hawakusema kwamba fedha hazidaiwi. Walisema warithi hawapatikani. Ubishi wenyewe unaonyesha kwamba kulikuwa na hesabu, na hesabu ya mishahara haiwezi kufanywa bila orodha ya aina fulani. Naamini mwanahistoria wa Kitanzania anapaswa kuzisoma nyaraka za ubishi ule kwa jicho la mrithi. Zimesomwa vya kutosha kwa jicho la mhasibu.

Kuna kisa kinachopendwa sana Ulaya. Husimuliwa kwamba mwaka 1964, serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wazee wa Mjerumani waliokuwa bado hai, wengi walifika bila cheti, wakapewa ufagio badala ya bunduki na kuamriwa kwa Kijerumani wafanye gwaride, hakuna aliyekosea. Husimuliwa kama ushahidi wa utii. Kikiwa kweli, mimi nakiona kuwa ushahidi wa madai: wazee walisubiri karibu nusu karne, wakatembea, wakapanga foleni, wakaruhusu miili yao ikaguliwe, kwa sababu walijua wanachodai.

Mfano bora zaidi tulio nao umetoka kwenye ukoo mmoja wa hapa hapa mjini. Sykes Mbuwane aliletwa kutoka Msumbiji kuwa askari wa Wissmann, kamanda wa Wajerumani. Mwanawe Kleist, aliyezaliwa mwaka 1894 na kulelewa na Efendi Plantan baada ya baba yake kufariki, alipigana Vita vya Kwanza upande wa Wajerumani. Mwaka 1929, mwaka ule ule Husen alipohamia Berlin, Kleist alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association na katibu wake. Wanawe Abdulwahid na Ally waliingia Keya katika Vita vya Pili na kupelekwa Burma. Vizazi vitatu, majeshi mawili. Tunayajua haya kwa sababu Kleist, kabla ya kufariki mwaka 1949, aliandika habari za maisha yake, na mjukuu wake Daisy Sykes Buruku akautumia mswada ule kuandika sura iliyochapishwa mwaka 1973 katika kitabu Modern Tanzanians, kilichohaririwa na John Iliffe. Mohamed Said naye akaandika maisha ya Abdulwahid.

Mswada wa Kleist haukuwekwa na jeshi lolote. Uliwekwa nyumbani. Na mtu aliyeuandika ndiye aliyekuwa akiandika barua za chama, kumbukumbu za mikutano na maombi kwa serikali. Utumishi wa vita na siasa za mjini vilikaa ndani ya kabati moja, kwa hiyo anayetafuta kimoja hawezi kudharau kingine. Nyumba ya Mtaa wa New Street, sasa Lumumba, ambamo TANU iliundwa tarehe 7 Julai 1954, iko hatua chache kutoka kilipokuwa kituo cha wapagazi. Waliotoka vitani wakiwa wanadaiwa utii na wakidai haki zao waliishi, wakaoa na wakazikwa katika mitaa hii, na vyama vyao vya mpira, vya ngoma, vya kuzikana na vya siasa viliweka daftari za wanachama. Daftari hizo ni rekodi za askari pia, ijapokuwa hakuna aliyeziita hivyo.

Ukishapata dai, sasa kikosi kina kazi: kinapima masimulizi. Mtoto wa askari wa Vita vya Pili husikia nyumbani kwamba mzee alikuwa "wa sita". Batalioni za Tanganyika zilikuwa na 6 mwishoni mwa namba zao. Ya 1/6 ilipigana Abisinia mwaka 1941, Colito, mahali palipotoa jina la kambi ambayo leo ni Lugalo, kisha ikaenda Madagaska mwaka 1942. Ya 26 na ya 36 zilikuwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, zikashuka bonde la Kabaw mwaka 1944 hadi Kalewa, kwenye mto Chindwin. Ya 46 ilikuwa Burma pia, katika brigedi ya 28. "Wa sita" anaweza kuwa yeyote kati ya hao. Mzee aliyesimulia meli, baridi ya milima na Wafaransa alikuwa Madagaska. Aliyesimulia matope ya bonde na Wajapani alikuwa na batalioni nyingine. Medali husaidia hapa kwa kiasi: Nyota ya Burma inathibitisha uwanja wa vita, lakini medali za Vita vya Pili za Waingereza zilitolewa bila jina kuchongwa, tofauti na zile za vita vilivyotangulia, kwa hiyo nyota iliyomo kwenye sanduku haisemi ni ya nani.

Kuna chanzo kimoja ambacho watafiti wanaume, nami nawajua wengi, hukiruka. Askari wa Keya wa Vita vya Pili aliweza kuelekeza sehemu ya mshahara wake ipelekwe kwao, na aliyeifuata bomani mara nyingi alikuwa mke au mama. Katika jeshi la Mjerumani wake walikwenda na msafara wenyewe, wakapika, wakabeba, wakazaa njiani. Kwa hiyo jina la askari linaweza kufichwa chini ya jina la mwanamke: katika majalada ya wilaya, katika barua ya malalamiko kwamba fedha haijafika, katika shauri la talaka au la mirathi mbele ya kadhi au liwali. Anayekwenda kwa bibi mzee wa Ilala au Gerezani asimuulize mumewe alikuwa kikosi gani. Amuulize alikuwa akipokea fedha wapi, siku gani ya mwezi, nani alikuwa karani, na fedha ilikatika lini. Tarehe ya kukatika kwa fedha hupatikana hata pale ambapo tarehe ya kifo haikuandikwa na mtu yeyote.