Utafiti wa Huduma za Dharura Nje ya Hospitali

Utafiti wa huduma za dharura nje ya hospitali ni tawi la sayansi ya tiba linalochunguza kama yale anayofanyiwa mgonjwa au majeruhi kabla ya kufikishwa hospitali yanamwokoa kweli. Huduma hizo huweza kutolewa barabarani, nyumbani au ndani ya gari la wagonjwa. Kwa miaka mingi jibu lilitolewa kwa imani zaidi kuliko kwa vipimo: gari likibeba dawa na vifaa vingi, watu wengi zaidi watapona. Vipimo vilipofanyika, imani hiyo ilitikisika.

Chimbuko lake la kisasa ni mji wa Belfast, Ireland ya Kaskazini. Mwaka 1966 Frank Pantridge, daktari wa moyo, alianza kuwapeleka madaktari nyumbani kwa watu waliopatwa na shambulio la moyo, kwa kuwa wengi walikuwa wakifariki kabla ya kuiona wodi. Mashine ya kuushtua moyo kwa umeme waliyobeba ilitumia betri za gari na ilikuwa na uzito wa takriban kilo 70. Mwaka uliofuata Pantridge na mwenzake John Geddes walichapisha matokeo yao, na miji ya nchi nyingine ikaiga.

Tatizo likawa kulinganisha. Mji mmoja ulihesabu kila mtu ambaye moyo wake ulisimama, mwingine ukahesabu wale tu walioanguka mbele ya watu, kisha kila mmoja ukatangaza asilimia yake ya waliopona. Mwaka 1990 wataalamu walikutana Utstein, kwenye monasteri ya kale karibu na Stavanger nchini Norwei, wakakubaliana namna moja ya kuandika taarifa: nani aliona tukio, nani alianza kukandamiza kifua, umeme ulitumika baada ya dakika ngapi, na mgonjwa alitoka hospitali akiwa hai au la. Hadi leo mpangilio huo huitwa kwa jina la mahali hapo.

Kuna mtego mwingine mgumu zaidi. Wahudumu humshughulikia sana mgonjwa aliye taabani, na mgonjwa wa namna hiyo ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kufa. Anayesoma kumbukumbu tu anaweza kudhani dawa imeua, kumbe ugonjwa ndio ulioua. Kinyume chake pia hutokea.

Ndiyo maana kazi iliyofanywa katika jimbo la Ontario, Kanada, ina uzito wa pekee. Ian Stiell na wenzake walifuatilia miji 17 kwa awamu. Kwanza waliharakisha mashine za umeme zimfikie mgonjwa, na idadi ya waliopona ikapanda kutoka asilimia 3.9 hadi 5.2. Kisha wahudumu wakafundishwa kuingiza mrija wa kupumulia na kudunga dawa kwenye mshipa. Matokeo ya awamu hiyo, yaliyochapishwa 2004, yaliwashangaza wengi: kabla ya nyongeza hiyo ya gharama walipona asilimia 5.0, baada yake asilimia 5.1. Kilichobeba uzito ni mpita njia. Pale mtu wa kawaida alipoanza kukandamiza kifua, uwezekano wa kupona uliongezeka zaidi ya mara tatu.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi kwa kuijaribu adrenalini yenyewe, dawa iliyokuwa imetumika kwa miongo mingi. Kati ya 2014 na 2017, wahudumu walifungua pakiti zilizofanana kabisa, zenye sindano zilizokwisha kujazwa, bila kujua kama ndani mna adrenalini au maji ya chumvi. Mtu ambaye moyo umesimama hawezi kuombwa ridhaa, hivyo asiyetaka kushiriki aliweza kuvaa bangili maalumu ya kukataa. Wagonjwa 8,014 walihusishwa. Baada ya siku 30 walikuwa hai asilimia 3.2 ya waliopewa adrenalini na asilimia 2.4 ya waliopewa maji ya chumvi. Lakini miongoni mwa waliotoka hospitali, madhara makubwa ya ubongo yaliwakumba asilimia 31 katika kundi la adrenalini, dhidi ya 17.8. Swali la kupona ni kupona namna gani haliwezi tena kuachwa nje ya utafiti wowote makini.

Kwa majeruhi nako desturi ilipingwa. Mjini Houston, Marekani, watu waliopigwa risasi au kuchomwa kisu kiwiliwilini na shinikizo lao la damu likashuka walipewa maji ya mshipani mara moja katika tarehe shufwa. Katika tarehe witiri walisubiri hadi chumba cha upasuaji. Waliosubiri walipona asilimia 70, waliopewa mapema 62.

Nchi nyingi hazina magari ya kutosha ya kulinganisha. Huko utafiti umemgeukia raia. Kaskazini mwa Iraki na Kambodia, palipojaa mabomu ya ardhini, wanavijiji 5,200 walifundishwa huduma ya kwanza pamoja na wahudumu 135 wenye ujuzi zaidi. Katika miaka 5 vifo vya majeruhi vilishuka kutoka asilimia 40 hadi 14.9. Hapakuwa na kundi la kulinganishia, na kasoro hiyo ni kubwa, ila tofauti yenyewe ni vigumu kuipuuza. Nchini Ghana walifundishwa madereva 335 wa magari ya biashara, na Kampala polisi, madereva wa teksi na viongozi wa mitaa 307, kwa sababu majeruhi wengi hubebwa na watu wa namna hiyo.

Tanzania imeutumia msingi huohuo kwa kina mama katika mpango wa m-mama, uliotangazwa kuenezwa nchi nzima 2022. Mjamzito au mzazi anapokuwa na dalili za hatari, simu hupigwa namba 115 bila malipo, na gari la wagonjwa lisipokuwa karibu anaitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu. Kwa kuwa maombi hupita kwenye mfumo mmoja wa kidijitali, saa ya simu na saa ya kufika zinaweza kulinganishwa na hali ya mama na mtoto baada ya safari.