Koti la ngozi la mtumba limepauka? Usikimbilie dawa ya viatu

Umelipata Karume kwa bei poa, limekukaa vizuri, ila mabegani limepauka na kwenye viwiko rangi imeisha kabisa. Rangi hiyo inarudishika. Kwanza lakini, hakikisha ni ngozi kweli.

Tazama sehemu iliyochubuka. Ngozi halisi huonyesha nyuzinyuzi fupi. Ngozi bandia hubanduka magamba, na chini yake unakuta kitambaa. Likishaanza magamba, liache hapo hapo mnadani, maana rangi utakayopaka itabanduka nayo.

Kosa la pili ni dawa ya viatu. Siku ya kwanza koti linang'aa mpaka raha. Siku ya pili kola ya shati jeupe imekuwa nyeusi, na kama wewe ni bodaboda, abiria aliyekushika anashuka na viganja vya mkaa. Dawa ile ni nta yenye rangi. Inakaa juu tu, ikipata joto inalainika na kuhamia kwenye nguo.

Tafuta rangi ya ngozi ya maji, ile wanayotumia mafundi wa makochi na siti za magari. Waulize, watakuelekeza inapouzwa.

Kabla ya kupaka, futa koti kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni laini kidogo. Usiliroweke, na mashine ya kufulia usiifikirie. Anika kivulini, kwani jua kali hukausha ngozi na kuipasua.

Likikauka, pitisha pamba yenye spiriti sehemu za kupakwa ili mafuta na uchafu vitoke. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, mfano ndani ya upindo. Palipokwaruzika piga msasa laini, namba 600 kwenda juu, taratibu. Zipu zizibe kwa solotepu ya karatasi.

Sasa paka kwa sponji, rangi nyembamba sana. Acha ikauke, rudia, mara tatu au nne. Hapa ndipo wengi wanaharibu kwa haraka: rangi nene hukakamaa, na ukikunja mkono tu, kiwiko kinapasuka mistari. Nyeusi haina shida. Kahawia ndiyo mtihani, kwa sababu ikikauka haifanani na ilivyokuwa mbichi, hivyo subiri jaribio likauke ndipo uamue.

Malizia kwa dawa ya kufungia rangi, yenye mng'ao au isiyong'aa, uamuzi wako. Ikikauka, sugua kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kikitoka na rangi, bado hujamaliza, usilivae.

Mwisho ni mafuta ya ngozi, kidogo tu. Ya kupikia hapana, yanachacha na kunuka. Litundike kwenye henga pana, wala usilifungie kwenye mfuko wa plastiki. Kwa unyevu wa Dar, utalitoa limeota ukungu.