Vipima-hewa vya nyumbani: Nambari si lazima iwe sahihi

Kipima-hewa cha bei nafuu hakipimi uzito wa chembe. Hurusha mwali wa leza, hupima mwanga unaotawanywa na chembe hewani, kisha hukisia uzito wao. Ndiyo sababu mwaka 2020 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani lilianza kusahihisha vipimo vya PurpleAir, ambavyo vilikuwa vikizidisha kiwango cha moshi wa misitu.

Kwa nyumba za Kaloleni, mjini Voi, makosa huweza kwenda pande mbili. Vumbi la kiangazi, lenye chembe kubwa, huhesabiwa pungufu. Moshi wa kuni ukichanganyika na mvuke wa sufuria huongezwa. Hata hivyo, kifaa hicho chafaa kulinganisha: dirisha likiwa limefungwa, kisha likifunguliwa. Kudai kwamba nyumba imetimiza kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO) cha mwaka 2021, yaani mikrogramu 15 za PM2.5 kwa mita ya ujazo kwa saa 24, ni jambo jingine.

La kuhofiwa zaidi ni jiko la makaa yaliyokolea. Moshi hupungua, nambari hushuka, ilhali kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, yaendelea kujaa chumbani. Gesi hiyo huhitaji kifaa chake maalumu.