Jay Katz na ukimya wa daktari

Julai 1972 mwandishi Jean Heller wa Associated Press alifichua habari iliyoitikisa Marekani. Kwa miaka 40 idara ya afya ya serikali ilikuwa ikiwafuatilia wanaume weusi wapatao 600 huko Macon, Alabama, karibu 400 kati yao wakiwa na kaswende, ili ione tu ugonjwa unavyoenda. Waliambiwa wana "damu mbaya". Penisilini ilipopatikana, hawakupewa.

Katika jopo lililoundwa kuchunguza alikuwamo Jay Katz, daktari wa magonjwa ya akili aliyefundisha kitivo cha sheria, Yale. Alizaliwa Zwickau, Ujerumani, mwaka 1922, akakimbia Wanazi akiwa kijana. Ripoti ya jopo ilimwonekea laini mno, akaambatanisha maelezo yake: watu wale walinyonywa, wakachezewa, wakadanganywa.

Mwaka 1984 akatoa The Silent World of Doctor and Patient. Nilikifungua nikitegemea kukutana na madaktari katili. Kumbe wanaomsumbua zaidi ni wale wema.

Anasimulia mazungumzo yake na rafiki yake, daktari mpasuaji. Wanakubaliana kwamba hakuna mwenye uhakika ni tiba gani ya saratani ya matiti iliyo bora. Katz anauliza, basi mgonjwa unamwambiaje? Rafiki anamkumbuka mmoja aliyemwona karibuni: njia nyingine alizitaja harakaharaka, kisha akamsisitizia ule upasuaji mkubwa, kana kwamba mwenye akili timamu hawezi kuchagua kingine. Ni mtu yuleyule aliyetoka kukiri hajui! Wala si mwongo. Shaka ameificha kwanza machoni pake mwenyewe, na hapo ndipo Katz anaponishika.

Mahakama za Marekani zilikuwa zikizungumzia ridhaa ya mgonjwa aliyeelezwa tangu kesi ya Salgo, California, mwaka 1957. Katz hakuona kama majaji walifika mbali. Tangu enzi za Hippocrates, anasema, daktari hakufundishwa kuamua pamoja na mgonjwa, na sahihi kwenye karatasi haiwezi kubadili tabia hiyo. Wenzake walihofu wagonjwa wataingiwa na woga. Kwake, kumnyamazia mgonjwa ni kumtelekeza.

Alifariki 2008. Mimi mara ya mwisho kusaini fomu ya ridhaa, nililetewa kalamu kwanza. Daktari alikuja baadaye, akaniuliza kama nimeshasaini.