Jina la Askari: Polisi Waliokufa Vitani na Ukumbusho Wao

Neno askari liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni mtu wa jeshi. Lakini katika Afrika ya Mashariki maana hiyo imepanuka. Ashikaye bunduki vitani ni askari. Alindaye amani ya mji ni askari. Akeshaye mlangoni pa ghala usiku naye ni askari. Na yule mpelelezi asiyevaa sare huitwa askari kanzu. Lugha ikitaka kuwatenga watu hawa huongeza neno la pili, kama vile askari polisi au askari jela. Upana huu si kasoro. Ni ushahidi wa historia, nao humwongoza mtafiti kwenye habari ambazo makumbusho ya vita hayakuzieleza: habari za polisi aliyeondoka kituoni pake mwaka wa 1914, akafa mwanajeshi, asiachiwe hata jiwe lenye jina lake.

Mwaka wa 1889 Hermann von Wissmann alifika pwani kuvunja upinzani wa wenyeji waliopigana chini ya Abushiri bin Salim na Bwana Heri. Jeshi lake lilikuwa la watu wa kuajiriwa: Wasudani wengi waliochukuliwa Misri, na wengine waliotoka Msumbiji. Mwaka wa 1891 jeshi hilo likafanywa jeshi rasmi la koloni la Wadachi. Baadaye, kadiri mikoa ilivyotolewa katika amri ya jeshi na kutiwa chini ya maofisa wa kiraia, ndivyo polisi walivyoongezeka, na wengi wao walikuwa wamekwisha kutumika jeshini. Mtu akiivua sare ya jeshi na kuvaa ya polisi, watu wa mjini hawakumpa jina jipya. Alikuwa askari jana, na leo ni askari.

Vita Kuu ilipoanza mwaka wa 1914, jeshi la Wadachi katika nchi hii lilikuwa na askari wa Kiafrika wapatao 2,500, na polisi walikuwa zaidi ya 2,000. Mkuu wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, hakupendezwa na hali hiyo, kwa kuwa aliona watu hodari wamechukuliwa na polisi, ambao walikuwa chini ya gavana, Heinrich Schnee. Vita vikaumaliza ubishi huo, kwani polisi waliingizwa katika majeshi. Waingereza walipoishambulia Tanga mwezi wa Novemba 1914, polisi wa mji huo walikuwa miongoni mwa waliosimama mbele kuwazuia. Hivyo mtu aliyeajiriwa kukamata wezi na kupeleka hati za wito alijikuta ndani ya handaki, akikabili jeshi lililoletwa kutoka Bara Hindi.

Upande wa pili mambo yalikuwa vivyo hivyo. Polisi wa Rhodesia ya Kaskazini, walioundwa mwaka wa 1911 kwa kuunganisha vikosi viwili vya zamani, walipelekwa mpakani na kupigana chini ya Jenerali Edward Northey. Waliitwa polisi kwa jina, lakini kazi yao ilikuwa ya jeshi kamili. Walikuwamo katika kumfuatia Lettow-Vorbeck mpaka mwezi wa Novemba 1918, habari za kusimamishwa kwa vita zilipomkuta karibu na mto Chambeshi. Tarehe 25 ya mwezi huo alisalimisha silaha zake Abercorn, mji ambao leo ni Mbala katika Zambia. Kwa hiyo polisi wa Kiafrika alikuwa ameuawa na polisi mwenzake, kila mmoja akitumikia mfalme ambaye hakupata kumwona.

Je, wafu hao walikumbukwaje? Mwaka wa 1909 Wadachi walikuwa wamesimamisha Dar es Salaam sanamu ya Wissmann. Chini yake, miguuni pa bwana mkubwa, alichongwa askari wa Kiafrika akimtazama juu. Baada ya mji kutwaliwa na Waingereza mwaka wa 1916 sanamu hiyo iliondolewa. Mwaka wa 1927 ikasimamishwa nyingine, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson: askari peke yake, bunduki mkononi, singe mbele. Nairobi na Mombasa nazo zilipata sanamu zao, na katika ile ya Nairobi yumo mpagazi. Hapana shaka kwamba hii ilikuwa hatua. Yule aliyekuwa chini ya miguu ya Wissmann amepanda juu ya jiwe mwenyewe.

Lakini jiwe hilo limeandikwa nini? Maneno yake, yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yamewekwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na Kiswahili chenyewe kwa hati mbili, ya Kiarabu na ya Kirumi. Yanawataja askari wa Kiafrika, na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wengine waliokufa kwa ajili ya mfalme na nchi. Mwisho yanaahidi kwamba apiganiaye nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo imechongwa mahali pasipo na jina hata moja.

Hilo halikutokea kwa kusahau. Kamisheni ya Kifalme ya Makaburi ya Vita iliundwa mwaka wa 1917 kwa kanuni kwamba kila aliyekufa ataandikwa jina, bila ya kutazama cheo. Katika Afrika ya Mashariki kanuni hiyo iliwafuata Wazungu mpaka makaburini mwao. Waafrika wengi wakapewa sanamu moja kwa wote. Mwaka wa 1922 gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alikuwa na maoni kwamba makaburi ya wapagazi yaachwe yarudie pori. Taarifa iliyotolewa na Kamisheni mwaka wa 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika Vita Kuu, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa.

Palipokosa jiwe, lugha ilishika nafasi. Kambi ya wapagazi mjini Dar es Salaam iliacha jina la Kariakoo, na Nairobi iliacha Kariokor, yote mawili kutokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Nalo neno askari, kwa kuwa halikukubali kumtenga polisi na mwanajeshi, limemweka chini ya sanamu ile polisi aliyekufa vitani, ingawa hakuna ofisa aliyekusudia kumweka hapo. Na limemweka pamoja na yule aliyekuwa adui yake, kwani mpita njia asemaye “Sanamu ya Askari” haulizi askari wa nani.

Hata hivyo lugha haiwezi kufanya yote. Neno huhifadhi aina ya mtu, halihifadhi mtu mwenyewe. Baba wa fulani, aliyetoka kituoni na asirudi, hawezi kurudishwa na nomino ya jumla, hata ikiwa pana namna gani. Jina lake litapatikana, kama litapatikana, katika daftari za mishahara na katika masimulizi ya jamaa zake. Mpaka hapo ahadi iliyoandikwa kwenye jiwe ni deni, nalo limeandikwa kwa Kiswahili.