Neno la siri lilianza kuvuja 1962

Wadau, kabla hatujawalaumu wezi wa mtandaoni, turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1961 pale MIT, Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha CTSS, mfumo uliowezesha watu wengi kutumia kompyuta moja. Kila mtumiaji akawa na neno lake la siri. Mwaka uliofuata mtafiti kijana, Allan Scherr, akaona muda aliopangiwa kwa wiki haumtoshi. Akaiagiza kompyuta ichapishe faili lenye maneno yote ya siri. Ikachapisha! Akawa anatumia muda wa wenzake.

Mwaka 1966 yakazuka makubwa zaidi: kwa hitilafu, kila aliyeingia kwenye mfumo huo alitandaziwa orodha nzima badala ya tangazo la siku.

Mmeona? Hakuna aliyekisia neno la mtu. Lilivujia kwa mtunzaji. Ndivyo ilivyokuwa pia 2009 kwa RockYou: akaunti milioni 32, maneno yamehifadhiwa wazi wazi.

Mimi nilikuwa na neno moja kwa kila kitu, hadi barua pepe wanakoniandikia watu wanaonipa habari kwa kuniamini. Ghala moja likivunjwa, wangeumia wao. Sasa kila akaunti ina lake, refu, gumu kukisia. Siwezi kuyakariri yote, hivyo yanakaa kwenye programu maalumu, na ufunguo wake ninao kichwani.

Wewe je, lako limetunzwa na wangapi?