Mzabibu katika Nchi ya Mtama

Wasomaji wetu, kila nchi ina zao lake linaloshika roho za watu. Kwa watu wa Ulaya zao hilo ni ngano. Kwa watu wa Bukoba ni ndizi. Na katika Ugogo, tangu zama za wazee wa kale, ni mtama na uwele. Mwezi huu twataka kusimulia jinsi mashamba ya nafaka karibu na mji wa Dodoma yalivyogeuka kuwa mashamba ya mizabibu, na jinsi nyumba za kukamulia divai zilivyojengwa kati yake. Habari hii haijatimiza hata karne moja, lakini ina mafunzo kwa kila mwenye jembe.

Kwanza yatupasa kuitazama nchi yenyewe. Uwanda wa kati umeinuka juu ya bahari yapata mita 1,100. Mvua zake ni za msimu mmoja tu, tangu Desemba hata Aprili, na kwa mwaka mzima hazipiti sana kipimo cha milimita 600. Baada ya hapo huja miezi saba ya jua na upepo, majani yakakauka, na mito ikabaki mchanga mtupu. Wagogo waliijua nchi yao vema. Wakachagua nafaka zenye kuvumilia ukame, wakafuga ng'ombe, mbuzi na kondoo, ili mwaka wa njaa ukija wauze mnyama na kununua chakula. Tena nafaka ina fadhili moja kubwa: ikikaushwa vizuri, hungoja. Yaweza kukaa ghalani mwaka mzima, hata kuzidi, na mwenyewe akaiuza au akaila apendapo.

Akiba hiyo ilipoondolewa, watu waliangamia. Katika Vita Kuu ya kwanza majeshi ya Wadachi, na baada yao majeshi ya Waingereza, yalipita Ugogo yakichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana. Ndipo ikaja njaa ya miaka ya 1917 hata 1920, ambayo Wagogo huiita Mtunya. Makadirio ya wakati ule yalitaja watu wapata 30,000 waliokufa. Twaomba msomaji aliweke jambo hili moyoni, maana litatusaidia kufahamu mambo yatakayofuata: mtu wa Ugogo hupima kila zao kwa swali moja, yaani, mwaka ukiwa mbaya, zao hili litanisaidia au litaniacha?

Sasa na tuutazame mzabibu. Lugha yetu yenyewe hutuonyesha kwamba mti huu ni mgeni kwetu. Neno zabibu limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni tunda lililokwisha kukaushwa. Watu wa pwani walilijua tunda hilo likiwa kavu, likiletwa na majahazi, kabla ya kuuona mti wake. Neno mvinyo tulilipata kwa Wareno, na neno divai ni la Kifaransa. Hivyo twaliimba na kulisoma jina la mzabibu katika Maandiko kwa miaka mingi, na wengi wetu hatukuwa tumeliona hata jani lake.

Lakini Kanisa Katoliki halikuweza kuishi bila tunda hilo. Sheria yake yaagiza kwamba divai ya Misa iwe ya zabibu halisi, isiyoharibika wala kuchanganywa na vitu vingine. Pombe ya mtama haikubaliki, wala maji ya tunda jingine lolote. Kwa sababu hiyo, popote wamisionari walipokwenda duniani, mara nyingi walichukua vipando vya mizabibu. Wafransisko walifanya hivyo California, na Mapadre Weupe walilima mizabibu Algeria, katika nyumba yao ya Maison-Carrée. Mahali penye jua lisilofaa mzabibu, divai ililetwa kwa meli kutoka ng'ambo, kisha kwa gari la moshi au kwa vichwa vya wapagazi.

Dodoma ilitengwa kuwa sehemu ya kanisa yenye mkuu wake mwaka 1935, ikafanywa jimbo mwaka 1953, na waliolitunza ni mapadre Wapasionisti waliotoka Italia, nchi ambayo mizabibu hupandwa karibu kila kilima. Kusini mwa mji, kando ya njia iendayo Iringa, iko misioni ya Bihawana. Hapo, mwaka 1957, mizabibu ilipandwa. Shabaha ilikuwa ndogo: divai ya altare. Hakuna aliyetazamia kwamba vipando hivyo vingekuwa mwanzo wa kazi ya maelfu ya watu.

Pengine msomaji atauliza: Mti wa Italia, nchi yenye baridi na theluji milimani, uliwezaje kuipenda Dodoma? Jibu lake ni la ajabu. Huko Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, ukapukutisha majani, ukaamka majira ya joto, ukazaa mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Badala ya baridi, ni kisu cha mkulima kinachouamuru. Akikata matawi, mti huchipua. Na baada ya miezi minne hivi zabibu ziko tayari. Kwa hiyo mti ule ule waweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka: mavuno makubwa karibu na Agosti na Septemba, wakati wa kiangazi, na madogo karibu na Februari na Machi, wakati wa mvua. Jua kali huongeza sukari katika tunda, na hewa kavu huzuia ukungu. Ndiyo maana mavuno ya kiangazi hupita yale ya masika kwa uzuri, maana mvua huleta maradhi ya ubwiri juu ya majani na vichala.

Hata hivyo si mti wa mvivu. Mkulima huchimba mitaro mirefu, akaijaza samadi; na hapa ng'ombe wa Mgogo wamepata kazi mpya. Husimamisha nguzo na kuvuta waya ili matawi yapate pa kutambaa. Hupigana na mchwa walao nguzo na mizizi, tena na ndege walao matunda. Hungoja miaka miwili au mitatu kabla ya kuona mavuno ya maana. Lakini mti ukishika, hudumu miaka mingi, na mizizi yake hushuka chini kutafuta unyevu ambao mtama hauwezi kuufikia.

Yafaa tulinganishe mwanzo huo mdogo na jambo jingine lililotokea karibu na hapo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza Kongwa kazi kubwa ya kulima karanga, kwa sababu baada ya Vita vya pili mafuta ya kula yalikuwa haba kwao. Walikusudia kulima mamilioni ya ekari, na kazi ikafanywa katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakaleta matrekta, mafundi na askari waliotoka vitani. Lakini vichaka vya Kongwa vilivunja mitambo. Udongo wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama tofali. Mvua hazikutii hesabu za London. Mwaka 1951 kazi iliachwa, na fedha zilizopotea zilikuwa zapata pauni milioni 36. Miaka sita baadaye, katika uwanda ule ule, mizabibu michache ya Bihawana ikashika mizizi. Kongwa walianza kwa ukubwa kabla ya kuijua nchi. Bihawana walijaribu kwanza kwa udogo, nchi ikawajibu.

Basi mzabibu ulitoka misioni ukaenda kwa watu. Wafungwa wa gereza la Isanga waliulima. Vijiji vya Hombolo, Mpunguzi, Mbabala, Veyula na Mvumi vikaupokea. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kituo cha kuchunguza kilimo cha zabibu kiliwekwa Makutupora, kaskazini mwa mji, ili kuchagua aina zifaazo. Aina moja nyekundu ikachukua jina la mahali hapo hapo, na hata leo wakulima huiita Makutupora nyekundu. Na kwa divai nyeupe wengi hupanda Chenin Blanc. Mwaka 1973 ilikuwa imekwisha kuamuliwa kwamba Dodoma iwe makao makuu ya nchi, na watu wengi wakaona kwamba mji huo sasa umepata tunda la kujivunia.

Wakati ule kukamua na kuuza divai kulikuwa mikononi mwa mashirika ya umma, na kampuni ya divai ya Dodoma iliyoitwa DOWICO ndiyo iliyokuwa tegemeo la wakulima. Mkulima alilima, kampuni ikanunua. Mpango huo ulikuwa mwepesi kufahamika, lakini ndani yake ilikuwamo hatari. Twakumbuka tuliyosema juu ya mtama, kwamba hungoja. Zabibu haingoji. Ikiiva, una siku chache tu. Jua la Dodoma huikausha, nyuki na ndege huishambulia, na ikikatwa huanza kuchacha ndani ya kikapu. Mwenye mtama akipewa bei mbaya huweza kurudi nyumbani na mzigo wake. Mwenye zabibu akipewa bei mbaya huipokea, au hutupa.

Katika miaka ya 1990 kampuni hiyo ilidhoofika, ikafungwa. Ndipo ubaya wa kuwa na mnunuzi mmoja ulipoonekana wazi. Zabibu ziliiva kama kawaida, maana mti haujui habari za madeni wala za viwanda, lakini pa kuzipeleka hapakuwapo. Baadhi ya wakulima waliiacha mizabibu yao ife kwa magugu na mchwa. Wengine waliing'oa, wakarudia mtama. Tusiwacheke. Watu ambao wazee wao waliuona Mtunya hawawezi kuutunza mti usiowapa chakula wala fedha. Walilipima zao lile kwa swali lile lile la kale, wakaona limewaacha.

Lakini mzizi haukufa wote. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumba mpya za divai zilianza kuinuka. Katika Hombolo ilijengwa ile iitwayo CETAWICO, na wengine wakafuata mjini na vijijini. Katika Chinangali, wilaya ya Chamwino, wakulima wadogo waliungana katika shamba moja kubwa lenye maji ya kumwagilia, kila mmoja akiwa na sehemu yake, kwa mikopo na chama chao cha ushirika. Sheria ya ushuru nayo ikaja kutenganisha divai yenye zabibu za hapa nchini kupita asilimia 75 na divai nyingine, ikitoza ile ya kwanza kidogo zaidi, ili mwenye kiwanda apende kununua kwa jirani yake.

Tena lipo jambo lililo bora kuliko hayo yote, nalo latoka kwa wakulima wenyewe. Baadhi yao wamejifunza kwamba dawa ya tunda lisilongoja ni kuligeuza kuwa kitu kingojacho. Hukamua zabibu zao papo hapo kijijini, hamira ikala sukari na kuitoa ile nguvu ya divai, kisha huhifadhi katika mapipa yaliyofungwa vema yasiingize hewa. Wenyewe huuita mchuzi wa zabibu. Mchuzi huo hauozi kesho. Mwenye nao huweza kumngojea mnunuzi, na kumwambia bei. Hivyo shamba la nyumba moja, ambalo jana lilikuwa la mtama, leo lina mitaro ya mizabibu, mashine ndogo ya kukamulia, na mapipa chini ya kivuli. Ndivyo zilivyoanza nyumba nyingi za divai duniani. Kule Rasi ya Tumaini Jema mizabibu ya kwanza ilipandwa mwaka 1655, na divai ya kwanza ikakamuliwa mwaka 1659. Na huko pia wenye mashamba wengi walilima ngano na mizabibu pamoja, wakiongeza mizabibu kadiri walivyopata soko.

Twajua kwamba wako wasomaji watakaosema: Kwa nini kusifu kazi ya kileo? Hofu yao si bure, maana ulevi umevunja nyumba nyingi, na mtama pia umetumika kuuleta. Hatuandiki kumsifu mlevi. Zabibu huliwa mbichi, hukaushwa, na maji yake hunywewa kabla hayajachacha. Na anayeilima kwa ada za shule za watoto wake hana kosa zaidi ya mwenye kulima mtama. Kiasi ni wajibu wa kila mtu juu ya nafsi yake.

Mafunzo ya habari hii, kwa maoni yetu, ni matatu. La kwanza: jaribu padogo kabla ya kulima pakubwa, maana nchi ndiyo mwalimu. La pili: usiuache mtama wote kwa ajili ya zabibu. Wenye busara huweka shamba moja kwa chakula na jingine kwa fedha, ili mwaka wa bei mbaya usiwe mwaka wa njaa. La tatu: mkulima asiishie kwenye tunda. Mwenye tunda peke yake ni mtumwa wa siku ya mavuno. Mwenye pipa pia ni bwana wa neno lake.

Wahenga walisema: Akiba haiozi. Wagogo waliyaishi maneno hayo kwa nafaka muda mrefu. Wajukuu wao sasa wanajifunza kuyaishi kwa tunda lililo laini kuliko matunda karibu yote, na wakifaulu, mti huo ulioletwa mwaka 1957 kwa ajili ya kikombe kimoja cha altare utakuwa mwenyeji kamili katika nchi ya mtama.